Kuunga na Kuunda: Kiwanda cha Meli cha Kigoma, 1914–1915

Katika Kiswahili cha pwani kitenzi kuunda kilikuwa tangu zamani neno la mafundi wa vyombo. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, mkeka ulisukwa, lakini jahazi liliundwa. Nalo lilipokwisha kuundwa lilishuliwa, yaani lilishushwa majini. Kitenzi kuunga kina kazi nyingine. Huungwa mfupa uliovunjika, huungwa kamba iliyokatika, huungwa ubao kwa ubao. Aundaye huanza na mti, na umbo la chombo limo kichwani mwake. Aungaye hupewa vipande ambavyo umbo lake limekwisha kukatwa na mtu mwingine.

Maneno haya mawili hukaribiana kwa sauti, na katika habari za viwanda yamechanganywa mara nyingi. Tangu miaka ya 1970 Afrika ya Mashariki imekuwa na viwanda ambavyo watu huviita vya kuunda magari, ilhali kazi yake hasa ni kuunga: vipande hufika vimefungwa katika masanduku, vikafunguliwa, vikaunganishwa, na gari likatoka mlangoni likienda zake. Viwanda hivyo vimesifiwa na kulaumiwa. Waliovisifu walisema kwamba vingefundisha watu ufundi. Waliovilaumu walisema kwamba havifundishi ila kukaza nati. Hoja hiyo haiamuliwi kwa maneno matupu. Yahitaji mfano ambao mwanzo wake na matokeo yake yaweza kutazamwa kwa muda mrefu, na mfano wa namna hiyo upo kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Mkazi wa Rusimbi, moja ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, huzungukwa na vyombo vilivyoungwa mbali: lori la mizigo, basi la abiria, pikipiki ya kukodi. Lakini katika mji huo huo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, palikuwa na kiwanda kilichounga chombo kikubwa kuliko lori lolote. Chombo hicho ni meli ambayo kwanza iliitwa Graf von Götzen, na tangu mwaka 1927 huitwa Liemba. Habari za vita vya meli hiyo zimesimuliwa sana. Habari za kiwanda chake, zana zake na kazi yake ya kila siku, zimesimuliwa kidogo, nazo ndizo zenye mafunzo kwa jambo lililotajwa hapo juu.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba ziwa hilo halikuwa na upungufu wa mafundi wa vyombo. Mitumbwi mikubwa ya gogo moja ilivuka kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi kabla ya mgeni yeyote wa Ulaya kufika. Burton na Speke walipoingia Ujiji mwezi wa Februari 1858, majahazi ya tanga yalikuwa yamekwisha kujulikana huko. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amwazime jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo sanaa ya pwani ilikuwa imepanda bara pamoja na biashara, na maneno yake pia: mkuku, mataruma, tezi, omo, ngama. Chombo kilichoundwa hivyo kilikuwa cha mahali pale. Mti ulikatwa karibu, na fundi aliyekiunda aliweza kukitengeneza kilipoharibika.

Meli za chuma zililetwa kwa njia nyingine. Wamisionari wa chama cha London walileta vipande vya meli ndogo ya mvuke, Good News, kwa mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa, kisha wapagazi wakabeba mabamba yake vichwani na mabegani hadi Tanganyika. Mwili wake ulishuliwa mwaka 1885. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, nao walileta meli ndogo iitwayo Hedwig von Wissmann, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1900. Katika safari hizo kipimo cha kila kitu kilikuwa bega la mpagazi. Kipande kisichoweza kubebwa na mtu au kundi la watu hakikuweza kufika, na kwa sababu hiyo meli kubwa haikuwezekana.

Reli iliondoa mpaka huo. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwezi wa Februari 1914 reli ikafika Kigoma, mwendo wa kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na pepo, na kwa ajili hiyo mwisho wa reli uliwekwa hapo, si Ujiji, ingawa Ujiji ndio uliokuwa mji mkubwa na soko la kale. Tangu siku hiyo kipimo cha mzigo hakikuwa bega tena bali behewa.

Meli ya Graf von Götzen ilikuwa imeagizwa kwa kiwanda cha Meyer kilichoko Papenburg, katika Ujerumani ya kaskazini. Iliundwa huko mwaka 1913, si kwa kukazwa moja kwa moja, bali kwa kushikizwa ili ionekane kwamba kila kipande chakubaliana na mwenziwe. Kisha ilifumuliwa. Vipande vilitiwa alama, vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikapakiwa melini hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo vikaletwa Kigoma kwa garimoshi. Pamoja navyo walikuja mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, aliyekuwa msimamizi, na wenzake Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Watatu hao hawangeweza kuinua meli yenye urefu wa yapata mita 70 na uzito wa tani 1,500 hivi. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya wafanyakazi wa Kiafrika.

Zamani neno kiwanda lilikuwa na maana ya uwanja au mahali peupe pa kufanyia kazi, na kiwanda cha Kigoma kilikuwa kiwanda kwa maana hiyo ya kale. Hakikuhitaji jumba kubwa la mawe. Kilichohitajika ni ukingo wa ziwa wenye mteremko wa kufaa, magogo ya kuilaza meli, miti ya kuiegemeza pande zote mbili, majukwaa ya kusimamia mafundi, kapi na minyororo ya kuinulia mabamba, matanuri ya kutiwa mkaa, mivukuto, koleo, fuawe na nyundo za kila ukubwa. Mtambo ulio mgumu kupita yote haukuonekana kwa macho, nao ulikuwa orodha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana mahali ambapo methali hiyo ni kweli zaidi kuliko katika kazi ya kuunga. Aundaye akikosa ubao huchonga mwingine. Aungaye akikosa kipande chenye alama yake hana budi kusimama, kwa maana kila kipande kimekatwa kwa ajili ya mahali pamoja tu. Kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, masanduku yalipaswa kupangwa kwa zamu yatakavyohitajiwa, ya mkuku kwanza na ya sitaha mwisho, ili sanduku la leo lisilale chini ya sanduku la mwezi ujao. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914 jambo hilo likawa zito zaidi. Manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na kitu kilichopungua hakikuweza kuagizwa tena.

Mpango wa kazi ulifuata mpango wa mwili wa chombo. Mkuku ulilazwa juu ya magogo. Mataruma ya chuma yakasimamishwa kushoto na kulia kama mbavu za mnyama. Kisha mabamba yakatundikwa juu ya mataruma na kushikizwa kwa bolti za muda. Hadi hapo fundi wa jahazi la Ujiji angeitambua kazi yote, maana taratibu ni moja. Tofauti kubwa ilianza katika kukaza, kwa sababu mabamba ya chuma ya zama hizo hayakuchomelewa bali yalifungwa kwa ribiti, vijiti vinene vya chuma vyenye kichwa upande mmoja.

Kazi ya ribiti, popote ilipofanywa, ilikuwa kazi ya kundi. Mmoja alikaa kwenye tanuri akivukuta na kuzitazama ribiti zilivyobadilika rangi. Ribiti iliyopoa haifunguki kichwa, na iliyopata moto kupita kiasi huungua ikawa dhaifu, hivyo mtu huyo wa tanuri, aliyeonekana kuwa na kazi nyepesi kuliko wenziwe, ndiye aliyeshika uzima wa chombo. Aliitoa ribiti kwa koleo akampa au akamrushia wa pili, ambaye aliipenyeza katika tundu. Wa tatu aliikandamiza kwa chuma kizito upande wa kichwa. Upande mwingine wa bamba walisimama wapigaji wawili, wakipiga kwa kupokezana, mmoja akishusha nyundo mwenziwe akiinua, mpaka ncha ikafumuka ikawa kichwa cha pili. Ribiti ilipopoa ilijikunja, na katika kujikunja iliyavuta mabamba yakabanana. Yote haya yalipaswa kwisha kabla chuma hakijapoteza wekundu wake. Mkono uliochelewa uliharibu kazi ya mikono mingine minne.

Baada ya hapo alikuja mkaguzi na nyundo ndogo. Alipiga kila ribiti akasikiliza, maana iliyokazwa vyema ina mlio wake na iliyolegea ina wake. Iliyolegea ilikatwa ikatiwa nyingine. Kisha kingo za mabamba zilipigwa kwa patasi butu hata chuma kikajaza mwanya. Kwenye jahazi kazi hiyo ni ya kukalafati, nayo hufanywa kwa pamba iliyolowa mafuta. Kwenye meli ya chuma, chuma chenyewe kilifanywa pamba. Mwili ulipokwisha, njia ya mteremko ilipakwa mafuta, viegemezi vikaondolewa, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashuliwa. Injini zake mbili za mvuke na rafadha zake mbili ziliiwezesha kuanza kazi mwezi wa Juni mwaka huo.

Yapasa kulinganisha kazi hii na jambo lililokuwa likitendeka wakati ule ule upande wa pili wa dunia. Mwezi wa Oktoba 1913, katika kiwanda cha Ford kilichoko Highland Park, Marekani, chasisi ya gari ilianza kuvutwa kwa kamba mbele ya wafanyakazi waliopangwa mstari, kila mmoja na kipande chake. Kabla ya hapo kuunga chasisi moja kulichukua saa 12 na nusu za kazi. Katika majira ya kwanza ya mwaka 1914 muda huo ulipungua hadi dakika 93. Mambo mawili yaliwezesha badiliko hilo. Kwanza, vipande vyote vya namna moja vilikuwa sawasawa, hata chochote kati yake kikaingia mahali pake bila kusuguliwa. Pili, kazi iligawanywa hata kila mtu akabaki na tendo moja dogo.

Kigoma ya 1914 ilikuwa nusu ya hali hiyo. Vipande vyake vilikuwa vimekwisha kupimwa na kupatanishwa mbali, sawa na vya Ford. Lakini kazi ilisimama mahali pamoja, watu ndio waliozunguka chombo, na waliokuwa chini ya mkuku mwezi mmoja walikuwa juu ya sitaha mwezi mwingine. Mfanyakazi wa Highland Park alijua tendo lake lakini hakulijua gari. Mfanyakazi wa Kigoma aliweza kuiona meli ikikua kutoka kwenye magogo hata ikaelea. Hilo ni darasa, ingawa hapana aliyekusudia liwe darasa.

Je, darasa hilo lilibakiza nini? Vita vilikuwa karibu kulifuta. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa njia ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani waliamua kuizamisha Graf von Götzen wenyewe. Rüter na wenzake walipaka injini grisi nene ili maji yasizile, kisha tarehe 26 Julai 1916 meli ikatoswa. Wabelgiji waliiinua baada ya vita ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliiopoa tarehe 16 Machi 1924, wakakuta mitambo yake ingali yafaa, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini likiwa jina la ziwa lenyewe.

Hapa ndipo Kigoma inapoachana na viwanda vyote vya magari. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, halina mlango kwa meli. Mto Lukuga hutoa maji yake magharibi kuelekea Kongo, lakini meli haiwezi kuufuata hata bahari. Chombo kilichoungwa Kigoma hakiwezi kupelekwa Mombasa wala Papenburg kikatengenezwe. Kikiugua, huugua hapo hapo. Kikitibiwa, hutibiwa hapo hapo. Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Liemba, hata iende Bujumbura au Mpulungu, marejeo yake yalikuwa Kigoma. Kwa hiyo pwani ile haikuweza kuwa mahali pa kuunga peke yake. Ililazimika kuwa na karakana, na karakana ililazimika kuwa na watu wanaojua kuchunguza bamba lililoliwa na kutu, kubadili vyuma vya injini, kurekebisha rafadha na kulisha boila. Haja hiyo haikukoma wenye mamlaka walipobadilika, kutoka idara ya reli ya Tanganyika hadi Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kutoka hilo hadi Shirika la Reli Tanzania lililoanzishwa mwaka 1977, na kutoka hilo hadi kampuni ya huduma za meli iliyotengwa mwaka 1997.

Lugha nayo hutoa ushahidi wake. Wajerumani walitawala na kufundisha, lakini Kiswahili kilichukua kwao maneno machache sana. Yajulikanayo na kila mtu ni shule na hela. Ribiti, boila, bolti, nati na spana yote yametoka katika Kiingereza. Kama ufundi wa chuma ungaliingia katika maisha ya watu kwa kazi ya kuunga ya miaka ya utawala wa Wajerumani, ingetazamiwa kwamba maneno yake yangebaki, hata machache. Yaliyobaki ni ya zama za baadaye, za miaka mingi ya karakana, reli na gereji. Hoja hii isivutwe kupita kiasi, maana maneno hayo yaliingia kwa milango mingi na hayakuanzia Kigoma. Hata hivyo yaelekeza upande mmoja na habari za meli: lugha hupokea neno pale ambapo watu hulihitaji kila siku, na kazi ya kutengeneza ni ya kila siku, ilhali kazi ya kuunga huisha siku chombo kinaposhuliwa.

Lakini haifai kuitukuza karakana kupita kiasi chake. Kila badiliko kubwa la Liemba liliongozwa na watu waliotoka mbali. Wanamaji wa Uingereza ndio walioiopoa mwaka 1924. Mvuke ulipoachwa na injini za dizeli kutiwa katika miaka ya 1970, na meli ilipofanyiwa matengenezo tena mwaka 1993 kwa msaada wa Denmark, michoro na mitambo ilitoka Ulaya. Pwani ya Kigoma ilikwisha kupanda ngazi ya pili, ya kutengeneza, lakini ngazi ya tatu, ya kuunda meli ya chuma kutoka kichwani na kwenye karatasi, haikuifikia kwa chombo hicho. Ngazi zi tatu, basi, wala hapana moja inayomfikisha mtu kwenye nyingine pasipo sababu. Kutoka kuunga hadi kutengeneza, Kigoma ilisukumwa na ziwa lisilo na mlango. Kutoka kutengeneza hadi kuunda, hapakuwa na kitu cha kuisukuma.

Kwa kipimo hicho viwanda vya magari vyaweza kutazamwa kwa haki zaidi. Katika miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu vya kuunga magari: Thika, Mombasa na Nairobi. Sababu zake hazikuwa za jiografia kama za Kigoma, kwani gari zima laweza kuteremshwa bandarini likaendeshwa. Zilikuwa za uchumi: vipande hutozwa ushuru mdogo kuliko gari zima, na serikali ilitaka ajira na ufundi vibaki nchini. Kazi ya ndani ingefahamika kwa Rüter. Masanduku hufunguliwa na yaliyomo hulinganishwa na orodha. Chasisi ya lori aghalabu hulazwa kifudifudi ili ekseli na springi zifungwe kwa wepesi, kisha hupinduliwa. Injini huteremshwa kwa mnyororo. Vipande vya bodi hushikwa katika fremu vikachomelewa, vikachovywa katika dawa ya kuzuia kutu, vikapakwa rangi na kuokwa katika tanuri. Kisha hufuata nyaya, vioo, viti, matairi. Mwishoni mkaguzi hujaribu breki na taa, kama yule wa zamani alivyogonga ribiti, na gari hutolewa nje. Kazi hiyo ilizaa viwanda vingine pembeni yake, na hilo si faida ndogo.

Lakini lango la kiwanda lilikuwa wazi. Gari lililotoka halikurudi. Lilipoharibika lilitengenezwa na gereji iliyoko kilomita mia mbili au elfu moja kutoka hapo, na fundi wa gereji hiyo hakuwa na njia ya kumwambia aliyeliunga ni wapi lilipopasuka. Elimu ya kuunga na elimu ya kutengeneza zilikaa nyumba mbili zisizosalimiana. Ndiyo sababu kiwanda cha namna hiyo kikifungwa chaweza kuondoka na kila kitu. Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, palikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounga malori ya Scania katika miaka ya 1980. Kazi hiyo ilikoma, na jina la TAMCO likabaki kuwa jina la eneo.

Walikuwapo pia waliotaka kuruka moja kwa moja hadi ngazi ya tatu. Kibaha hiyo hiyo ndiko lilikowekwa Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 chini ya jeshi ili kubuni gari la Kitanzania. Magari yalipatikana, ila hayakufikia kuzalishwa kwa wingi. Kenya, Rais Moi aliagiza mwaka 1986 kwamba gari liundwe nchini, kazi ikapewa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani. Yaliweza kwenda. Fedha za kuyazalisha hazikupatikana, na shauri likaishia hapo. Yaliyoonekana katika majaribio hayo ni kwamba akili ya kubuni haikukosekana Afrika ya Mashariki. Kilichokosekana ni ile sababu isiyokwisha, iliyoko Kigoma kwa maumbile ya ziwa, ya kuendelea na chombo kile kile mwaka hata mwaka mpaka udhaifu wake wote ujulikane. Mahali ambapo maumbile hayakuweka sababu hiyo, hapana budi iwekwe na watu: mkataba unaolazimisha aliyeunga atengeneze, chuo kinachomkutanisha fundi wa gereji na mchoraji, soko linaloendelea kununua hata mfano wa kwanza ukiwa na kasoro.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wanahistoria kuliko la wahandisi. Masanduku 5,000 yalikuwa na alama zake, na kila bamba lilikuwa na mahali pake katika daftari. Historia zinazosomwa sana huwataja Rüter, Tellmann na Wendt kwa majina yao. Waliovukuta tanuri, waliokandamiza ribiti na waliopiga nyundo hutajwa kwa jumla tu, kuwa wafanyakazi wa Kiafrika. Kazi yao ilidumu. Mwezi wa Mei 2015, miaka mia moja baada ya kushuliwa, Liemba iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kisichokuwa na barabara ya kufaa, ikawaleta Kigoma, safari baada ya safari. Mwili wa chuma uliowabeba ulikazwa na wale wasiotajwa.

Mwanafunzi anayetaka kuandika historia ya ufundi katika nchi hizi ana kazi mbele yake, na kazi hiyo haianzi katika nyaraka za Papenburg. Yaanza katika karakana ya bandari ya Kigoma, katika gereji za Rusimbi, Mwanga na Ujiji, na kwa mafundi wazee na watoto wao: majina ya zana, majina ya kasoro, namna ya kusikiliza chuma, na nani alimfundisha nani. Daftari la vitu lilitunzwa kwa sababu bila hilo meli isingesimama. Daftari la watu halikutunzwa kwa sababu meli iliweza kusimama bila hilo. Lakini ufundi hauwezi kusimama hivyo; asiyejua nani alimtangulia katika kazi hudhani kila mara kwamba kazi inaanza na mgeni aliyeleta sanduku.